Kupanga Nyumba kwa Pamoja Karibu na Shule ya Sheria, Nairobi: Hesabu na Maandishi Kabla ya Kulipa

Kijana wa Kaloleni au Magarini anapomaliza shahada ya sheria, familia huona safari imefika mwisho. Lakini anayetaka kuwa wakili bado ana hatua nyingine kubwa mbele yake. Hatua hiyo ni mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law, au KSL kwa ufupi, iliyoko Barabara ya Langata South, mtaa wa Karen, Nairobi. Huko kuna masomo 9 ya darasani, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili.

Karo ya masomo hayo hupangiwa mapema kwa sababu kiwango chake kinajulikana. Kodi ya nyumba ndiyo inayoishtua familia. Basari na ufadhili mwingine wa masomo, ukipatikana, kwa kawaida hulipwa moja kwa moja kwa shule kugharamia karo. Kodi, nauli, maji na chakula hutoka katika mfuko wa mzazi au wa mwanafunzi mwenyewe. Kwa mzazi aliyeuza nazi, korosho au mbuzi kumsomesha mtoto miaka 4 ya chuo kikuu, mwaka huu wa ziada unaweza kukwama kwa sababu ya chumba cha kulala.

Wengi hujibu tatizo hili kwa kupanga nyumba pamoja na wenzao. Ni jibu zuri, lakini lina sharti ambalo halisemwi mara nyingi: nyumba ya pamoja ni nafuu kwa muda ule tu ambao wenzako wanalipa. Somo hili linaeleza jinsi ya kutafuta nyumba hiyo, kupiga hesabu yake, na kuandikiana kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mkononi.

MAHALI PENYEWE

Karen ni mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani na ua mpana. Vyumba vya bei ya mwanafunzi ni vichache katika sehemu kubwa ya mtaa huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa KSL huangalia zaidi pande tatu.

Upande wa kwanza ni mitaa iliyo kandokando ya Barabara ya Lang'ata. Ni karibu na shule na nauli yake ni ndogo, lakini kodi iko juu ya ile ya pembeni mwa jiji. Hapa ndipo kugawana nyumba kunapoleta tofauti kubwa.

Upande wa pili ni Ongata Rongai, inayofikiwa kwa Barabara ya Magadi. Rongai iko Kaunti ya Kajiado, ingawa maelfu ya wakazi wake huamkia kazini Nairobi kila siku. Vyumba ni vingi na kodi ni ya chini. Ubaya wake ni msongamano wa magari asubuhi na jioni, na maji. Katika majengo mengi maji hutoka kisimani au huletwa na bouza, na gharama yake humfikia mpangaji.

Upande wa tatu ni Ngong, nayo iko Kajiado, ambako Barabara ya Ngong hupita Karen kuelekea katikati ya jiji. Anayefikiria huko aulize mapema ni matatu gani itamfikisha hadi lango la shule na kama atalazimika kubadilisha gari njiani. Kubadilisha gari ni nauli mbili.

Kabla ya kutazama pande hizo, mwanafunzi aulize shuleni kwenyewe kuhusu malazi. Swali halina gharama, na ofisi inayoshughulikia wanafunzi inaweza kujua ni wapi waliotangulia walipanga.

HESABU YA KWELI YA MWEZI

Kosa la kwanza la watafutaji nyumba ni kulinganisha kodi peke yake. Hesabu ya kweli ina mafungu manne: kodi, nauli, huduma kama maji, umeme na taka, na muda wa njiani. Mfano ufuatao unaonyesha namna ya kukokotoa. Viwango vilivyotumika ni vya zoezi tu. Anayetafuta nyumba aweke bei atakazozikuta siku hiyo.

Tuseme mwanafunzi anahudhuria masomo siku 22 kwa mwezi.

Chaguo la kwanza: anapanga bedsita peke yake mbali na shule kwa shilingi 8,000. Nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, yaani 4,400 kwa mwezi. Maji, umeme na taka ni 1,200. Jumla ni shilingi 13,600.

Chaguo la pili: wawili wanapanga nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule, karibu na shule, kwa shilingi 22,000. Kila mmoja analipa 11,000. Nauli ni 50 kwenda na 50 kurudi, yaani 2,200. Huduma ni 1,200, na kila mmoja anatoa 600. Jumla kwa kila mmoja ni shilingi 13,800.

Chaguo la tatu: watatu wanapanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala, karibu na shule, kwa shilingi 30,000. Kila mmoja analipa 10,000, nauli 2,200, na 500 kama fungu lake la huduma za shilingi 1,500. Jumla kwa kila mmoja ni shilingi 12,700.

Aliyetazama kodi peke yake angesema bedsita ya 8,000 ndiyo nafuu. Hesabu nzima inaonyesha kwamba tofauti kati ya chaguo la kwanza na la pili ni shilingi 200 tu. Na bado muda haujahesabiwa. Anayekaa njiani saa 3 kwa siku hutumia saa 66 kwa mwezi ndani ya matatu. Anayekaa saa 1 hutumia saa 22. Saa 44 zinazobaki ni zaidi ya wiki nzima ya kazi, na kwa mtu anayejiandaa kwa mitihani ya uwakili muda huo ni mali.

Ugumu uko kwenye pesa za kuingilia. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana inayolingana na kodi ya mwezi 1. Kwa bedsita ya mfano wetu, hizo ni shilingi 16,000. Kwa chaguo la pili ni shilingi 44,000, na kila mmoja huleta 22,000. Mzazi ajue tofauti hii mapema, kwa sababu pesa hizo zinahitajika siku moja, kabla hata godoro halijanunuliwa.

Sasa tuangalie jambo ambalo wengi hawalikokotoi. Mwenzako akiondoka mwezi wa nne, itakuwaje? Katika chaguo la pili, anayebaki atadaiwa kodi yote ya 22,000. Ukiongeza nauli na huduma zote, mwezi wake unapanda kutoka 13,800 hadi shilingi 25,400. Katika chaguo la tatu, mmoja akiondoka, wawili wanaobaki watalipa 15,000 kila mmoja. Pamoja na nauli na huduma, mwezi wa kila mmoja unapanda hadi shilingi 17,950. Watatu wanaweza kuhimili pigo kuliko wawili, ingawa watatu pia wana nafasi kubwa zaidi ya kukosana jikoni.

Kwa hiyo kila anayeingia nyumba ya pamoja anashauriwa kuweka kando akiba ya dharura inayolingana na fungu lake la kodi la mwezi 1. Asiyeweza kuweka akiba hiyo huenda akawa salama zaidi katika chumba kidogo anachokimudu peke yake, hata kama kiko mbali.

KUMPATA MWENZAKO KABLA YA NYUMBA

Watu wengi hutafuta nyumba kwanza, kisha hutafuta mtu wa kujaza nafasi. Mpangilio bora ni kinyume chake. Mwenzako ndiye atakayekufanya ulipe 13,800 au 25,400.

Mahali pa kuanzia ni kwa wale unaowajua: waliosoma nawe chuo kikuu na wanakwenda KSL muhula mmoja nawe, au vijana wa pwani ambao familia zao zinajulikana. Kufahamiana hakutoshi lakini. Rafiki wa kupiga gumzo anaweza kuwa mpangaji mgumu. Kabla ya kukubaliana, wenzako waulizwe maswali haya bila haya:

Nani anakulipia kodi, na pesa hizo hufika tarehe ngapi? Mwanafunzi anayelipiwa na mzazi mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi hawezi kuahidi kodi ya tarehe 1 bila mpango.

Utakaa Nairobi hadi lini? Uanagenzi wa miezi 6 unaweza kufanyika hata katika ofisi ya wakili Malindi au Mombasa. Mwenye nia ya kurudi pwani baada ya masomo ya darasani aseme mapema.

Unasoma usiku au alfajiri? Unapokea wageni? Wageni wanalala?

Unapika nini, na unapika saa ngapi? Katika kaunti yetu watu wa dini mbalimbali wamezoea kuishi pamoja, na jambo hili huzungumzwa vyema likisemwa mwanzo. Anayefunga Ramadhani atahitaji jiko alfajiri kwa daku. Asiyekula nyama fulani atataka sufuria zake. Ukweli wa mwanzo huzuia ugomvi wa baadaye.

KUITAFUTA NYUMBA

Njia bora bado ni miguu. Nyumba nyingi za bei ya wastani hutangazwa kwa kibao kilichotundikwa getini, na msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji humwita keateka, ndiye mwenye ufunguo. Wawili wakitenga Jumamosi moja kutembea mtaa mmoja wanaweza kuona nyumba kadhaa kwa siku.

Kwa anayetoka pwani, jambo hili linahitaji mahali pa kufikia. Ni vyema kuomba jamaa aliye Nairobi akukaribishe kwa wiki 1 kabla ya masomo kuanza. Nenda na mchango wako wa chakula na ueleze siku ya kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na maisha ya Nairobi hayajapunguza uzito wa maneno hayo.

Ukifika kwenye nyumba, angalia yafuatayo:

Fungua mifereji yote. Uliza maji huja siku gani, na kama kuna tangi. Muulize pia mpangaji wa jirani, kwa sababu keateka ana sababu ya kusifu.

Uliza kama mita ya umeme ni ya tokeni, na kama ni ya nyumba hiyo peke yake au inagawanywa na wapangaji wengine. Uliza pia kama mita ina deni. Deni la mpangaji aliyehama linaweza kumezwa na tokeni zako za kwanza.

Hesabu milango yenye kufuli. Katika nyumba ya pamoja kila chumba cha kulala kiwe na kufuli yake.

Rudi hapo jioni, baada ya saa 1 usiku. Tazama kama njia kutoka kituo cha matatu ina taa na watu. Kwa msichana anayetoka maktaba usiku, njia hiyo ni sehemu ya nyumba.

Panda matatu kutoka hapo hadi shuleni asubuhi ya siku ya kazi, ulipe nauli ya saa hiyo na uhesabu dakika. Nauli ya saa 4 asubuhi haifanani na ya saa 12 alfajiri, wala siku ya mvua haifanani na siku ya jua.

KABLA YA KUTUMA PESA

Tuseme mwanafunzi yuko Mariakani, amebakisha siku 5 masomo yaanze. Anaona picha za nyumba nzuri kwenye simu. Anayejiita wakala anamwambia kuna watu wengine wanaoitaka, atume amana leo ili ashikiwe. Anatuma shilingi 20,000. Anapofika Nairobi na mabegi yake, keateka wa jengo hilo hamjui wakala huyo, na nyumba ina mtu aliyeishi humo miaka. Simu ya wakala imezimwa.

Hasara ya aina hii huzuiwa na kanuni moja: usitume pesa kwa nyumba ambayo wewe, au mtu wako unayemwamini, hajaingia ndani yake. Shinikizo la kulipa leo ni dalili ya kutilia shaka. Kama huwezi kusafiri, mwombe jamaa aliyeko Nairobi aende akiwa na simu ya video, aingie, azungumze na keateka na jirani.

Pesa zinapolipwa, zilipwe kwa njia inayoacha alama. Kwenye M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, ulilinganishe na jina la mwenye nyumba au kampuni iliyo kwenye mkataba. Majina yakitofautiana, simama na uulize. Ukilipa taslimu, pata risiti yenye tarehe, kiasi, nambari ya nyumba, na maneno yanayotenganisha kodi na amana. Risiti iliyoandikwa tu "nyumba, 44,000" itakusumbua siku ya kudai amana yako.

Mawakala wa nyumba nchini hutakiwa na sheria kusajiliwa na bodi yao. Wakala anayedai ada auliziwe usajili wake, na ada yenyewe ijulikane kabla ya kuonyeshwa nyumba.

JINA LA NANI KWENYE MKATABA?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka 2, hata ukiwa wa mdomo. Lakini makubaliano ya mdomo ni magumu kuthibitisha. Mpangaji aombe mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa 1.

Kwa nyumba ya pamoja kuna njia mbili za kuandika mkataba huo.

Njia ya kwanza ni jina la mtu mmoja. Huyo ndiye mpangaji mbele ya mwenye nyumba, naye hudaiwa kodi yote. Wenzake hawana mkataba na mwenye nyumba, na mwenye jina akihama au akikosana nao hali yao ni dhaifu. Isitoshe, mikataba mingi hukataza kupangisha mtu mwingine bila idhini. Kama njia hii ndiyo inayotumika, mwenye nyumba ajulishwe kwa maandishi kwamba wakazi ni wawili au watatu, naye akubali.

Njia ya pili ni majina yote. Kila mmoja ana haki iliyoandikwa. Lakini soma kwa makini kipengele cha malipo. Mkataba ukisema wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote. Hapo ndipo akiba ya mwezi 1 inapohitajika.

Kwa njia yoyote, angalia muda. Mwanafunzi ambaye huenda akarudi pwani kwa uanagenzi hana sababu ya kujifunga kwa miaka 2. Angalia pia notisi. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi ambao haujataja notisi, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi 1, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Atakayetoa notisi katikati ya mwezi ajue kwamba huenda akalipa mwezi unaofuata.

Siku ya kuingia, pigeni picha kila ukuta, dirisha, sinki na choo, mzitumie kwa keateka au mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Picha zilizotumwa zina tarehe. Ufa uliokuwepo kabla yenu hautakatwa kwenye amana yenu.

MAPATANO YA WAKAZI WENYEWE

Mkataba na mwenye nyumba hausemi nani ataosha choo wala nani atanunua tokeni. Kwa hiyo wakazi waandikiane wao kwa wao. Karatasi 1 inatosha, iwe na majina, nambari za vitambulisho, tarehe na sahihi za wote. Mfano wa vipengele ni huu:

1. Kodi ya nyumba ni shilingi (kiasi) kwa mwezi. Kila mmoja atatoa (kiasi) na kumfikishia mlipaji kabla ya tarehe 3. Mlipaji ataonyesha ujumbe wa malipo siku hiyo hiyo.

2. Amana ni shilingi (kiasi). Kila mmoja amechangia (kiasi). Ikirudishwa, itagawanywa kwa mafungu hayo hayo, baada ya kukata uharibifu kwa aliyeufanya.

3. Anayetaka kuhama atatoa notisi ya mwezi 1 kwa wenzake na ataendelea kulipa fungu lake hadi notisi iishe. Akileta mtu wa kumrithi, wenzake wana haki ya kumkubali au kumkataa. Anayeingia atamlipa anayetoka fungu lake la amana.

4. Umeme, maji, taka na waifai vitagawanywa sawa. Gesi itajazwa kwa zamu.

5. Mgeni atalala kwa idhini ya wote, na hatazidisha usiku 2 kwa wiki.

6. Usafi wa jiko, bafu na choo ni kwa zamu ya wiki. Kuanzia saa 4 usiku ni wakati wa utulivu.

7. Vitu vya kila mmoja vimeorodheshwa nyuma ya karatasi hii.

Kipengele cha 3 ndicho kiini cha karatasi nzima. Bila hicho, anayebaki hubeba kodi ya watu wawili na anayetoka husubiri amana yake bila kujua atamdai nani. Kipengele cha 7 nacho kisidharauliwe. Jokofu lililonunuliwa kwa mchango huzua ubishi siku ya kuhama, na orodha humaliza ubishi huo kwa dakika moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Mpangaji ajue mambo machache ya sheria ili asitishwe wala asijidanganye.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba nyingi ambazo mwanafunzi atapanga Nairobi zimepita kiwango hicho, kwa hiyo kinga yake kubwa ni mkataba wake mwenyewe.

Kodi ikichelewa, mwenye nyumba ana haki ya kudai. Sheria inamruhusu kukamatisha mali ya mpangaji kwa deni la kodi, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Haiwi ruhusa ya mtu yeyote kung'oa mlango au kubeba laptopu. Hata hivyo, kuchelewa ni hatari kwa wote wanaoishi humo, kwa sababu vitu vyao viko chini ya paa moja. Pesa zikikwama, mwandikie mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kodi, utaje siku utakayolipa, na uitimize.

Amana ikizuiliwa bila sababu, anza na barua ya madai yenye nakala za risiti, mkataba na picha. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kusikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria hiyo inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Mwenye dai aulize katika ofisi ya mahakama kama dai lake linafaa kusikilizwa hapo.

Aliyetapeliwa na wakala bandia apige ripoti katika kituo cha polisi, apewe nambari ya OB, na ahifadhi ujumbe wote wa simu na wa malipo. Asifute chochote kwa hasira.

ZOEZI LA NYUMBANI

Mzazi na mwanafunzi wakae pamoja na karatasi 1 kabla ya safari, wajibu maswali haya:

1. Kwa kila nyumba tunayofikiria, jumla ya kodi, nauli ya siku za masomo na huduma ni kiasi gani, na saa za njiani kwa mwezi ni ngapi?

2. Siku ya kuingia tunahitaji shilingi ngapi mkononi, na zitatoka wapi?

3. Mwenzake akiondoka leo, tutalipaje mwezi unaofuata?

4. Jina la nani liko kwenye mkataba, na fungu letu la amana limeandikwa wapi?

5. Nani ameingia ndani ya nyumba hiyo kwa miguu yake?

Familia inayoweza kujibu yote matano iko tayari kulipa. Inayokwama kwenye swali la 3 au la 5 isubiri, hata kama wakala anapiga simu kila saa. Miongoni mwa masomo atakayofundishwa Karen ni kuandika nyaraka za kisheria na kushughulikia mikataba ya mali ya watu wengine. Anaweza kuanza na mkataba wa chumba chake mwenyewe.